Hatuna sayari tupu ya kuhamia

Maneno ya mfanyakazi wetu wa uwanjani kwa familia zilizohama, familia zinazopokea na viongozi waliokutana Ntoto, kwenye mpaka wa Masisi na Walikale

Asanteni kwa kuacha mashamba siku ya leo na kuja kuketi pamoja. Ninajua kuna waliotembea tangu alfajiri. Mimi ni mtoto wenu kwa umri. Mkisikia nimekosea, mzee yeyote anisahihishe mbele ya wote, sitaona haya.

Mara nyingi tunapokutana tunaanza na sheria. Leo nitaanza na mtoto.

Siku moja nilikuwa kwenye chemchemi nikiangalia kamati ya maji inavyofanya kazi. Watoto walikuwa wamepanga mstari na bidoni zao. Mmoja, mtoto wa wenyeji, akamwambia mwenzake wa familia iliyohama: "Wewe mkimbizi, ngoja watu wa hapa wateke kwanza." Yule mtoto hakulia wala hakuokota jiwe. Alijibu tu: "Mimi si mkimbizi. Mimi ni mtu wa Namek." Watoto wote wakacheka, hata yule aliyemtukana, na mstari ukaendelea.

Mama mmoja aliyekuwa anafua pale akaniuliza: Namek ni kijiji cha wapi? Ni upande wa Masisi ama wa Walikale? Nilimwambia kwamba haiko Masisi, haiko Walikale, na haiko hapa duniani. Ni sayari ya hadithi, katika filamu za katuni ambazo vijana wanaangalia kwenye simu na kwenye nyumba za video. Mama akatikisa kichwa, akarudi kwenye nguo zake. Lakini jibu la mtoto halikuniacha. Alikuwa amepata jina lingine la kujiita, jina ambalo halina matusi ndani yake. Nikaona inafaa tulizungumze hapa, kwa maana hadithi ile inagusa mambo yetu kuliko tunavyodhani.

Wachungaji, msinikasirikie. Ndani yake kuna joka linalotimiza maombi, na sikuja kuwahubiria joka. Ichukueni kama hadithi za sungura na fisi ambazo bibi zetu walitupa jioni. Hakuna aliyefikiri kwamba fisi anasema kweli, na bado tulijifunza kitu.

Hadithi yenyewe

Hadithi inaitwa Dragon Ball. Aliyeiandika na kuichora ni Mjapani, Akira Toriyama. Aliianza mwaka 1984 katika jarida la kila wiki la vijana wa Japani, akaimaliza 1995. Alifariki tarehe 1 Machi 2024. Televisheni ya Ufaransa ilianza kuonyesha filamu zake mwaka 1988, na ni kwa Kifaransa ndipo sisi wa Kongo tuliijua. Kwa hiyo watoto wetu wanasema Sangoku na Freezer, kama Wafaransa walivyobadilisha majina.

Namek ni sayari moja ndani ya hadithi hiyo. Watu wake ni wa rangi ya kijani. Jua halitui kwao, maana wana majua matatu. Wanaishi katika vijiji vidogo, kila kijiji na mzee wake, na juu ya wazee wote kuna mzee mkuu anayeitwa Saichoro. Hawali chakula, wanakunywa maji tu. Nilipomweleza hivyo yule mama wa chemchemi alisema: "Basi hao hawajui foleni ya unga."

Lakini pamoja na kwamba hawali, wanalima. Miaka mingi kabla, hali ya hewa ya sayari yao iliharibika vibaya, watu wakafa, akabaki mmoja tu, Saichoro, ambaye akawa baba wa kizazi kipya. Tangu hapo watu wa Namek wanapanda miti inayoitwa ajisa ili nchi yao irudi kuwa nzuri kama zamani. Hawapandi kwa tumbo. Wanapanda kwa ajili ya nchi. Shikeni neno hili la miti, nitalirudia.

Namek ilikuwa na mali: mipira saba ambayo ikikusanywa pamoja inaita joka linalotimiza maombi matatu. Habari za mali zikafika mbali. Akaja Freezer na askari wake. Kazi ya Freezer ilikuwa kuvamia sayari, kuua wenye nchi na kuiuza kwa mnunuzi. Walipita kijiji kwa kijiji wakiuliza mpira uko wapi. Mzee mmoja, Moori, alikataa mpaka walipotishia watoto. Hapo akautoa ili watoto wapone. Alipokwisha kuutoa wakamuua, na watoto nao wakawindwa. Mmoja wao, Dende, aliokolewa na wageni waliokuwa wamejificha karibu.

Sitaeleza zaidi. Sisi tunaoishi kati ya kaseterite ya Bisie na koltani ya Rubaya tunajua jinsi mali iliyo chini ya miguu ya watu inavyoweza kuwaita wenye bunduki. Mwenye shamba anaulizwa njia ya kwenda kwenye mgodi. Akisema amekufa, akikataa amekufa.

Kitu kimoja tu niongeze hapo. Freezer alipata mipira yote saba na hakufaidi kitu, maana joka lile linasikia lugha ya watu wa Namek peke yake. Mwenye kuijua lugha alikuwa mtoto Dende. Wavamizi walichukua mali, lakini ufunguo ulibaki kinywani mwa mtoto. Mama, wafundisheni watoto lugha zenu hata mkiwa chini ya bashi. Hakuna mtu anayeweza kuja na gari kuichukua lugha.

Mwishoni Freezer alipiga moyo wa sayari na Namek ikalipuka. Kwa nguvu za mipira, waliouawa naye na askari wake walikuwa wamefufuliwa, na watu wote wakahamishwa kwa mara moja mpaka dunia yetu. Wakajikuta wamesimama kwenye majani ya nchi ya wengine, bila kitu mikononi. Papa na mama, picha hiyo mnaijua.

Nyumba ya Bulma

Aliyewapokea ni mwanamke kijana, Bulma, ambaye wazazi wake walikuwa na nyumba kubwa mjini. Aliwaalika waje kwao, kijiji kizima. Hapakuwa na kambi, orodha wala jetoni. Wakakaa uani kwake.

Hapa kwetu pia, kabla ya shirika lolote kufika, mlango wa kwanza unaofunguka ni wa familia. Watu wa Kivu waliohama, wengi wao hawakulala kambini. Walilala kwa ndugu, kwa mtu wa kanisa lao, au kwa mtu ambaye hawakumjua kabisa. Familia yenye watoto sita ikawa ya watoto kumi na wawili, na sufuria ni ile ile. Mashirika, nasi tumo, tumekuwa na kosa la kuhesabu aliyehama na kusahau aliyempokea. Leo nataka niseme mbele ya wote: familia za Ntoto zilizofungua mlango, asanteni.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wa Namek walikaa kwa Bulma zaidi ya siku mbili. Mwaka wa Namek una siku 130, na ilibidi wasubiri siku hizo ndipo mipira yao iamke. Mzee mkuu Saichoro alifariki, lakini kabla ya kufariki alimwachia uongozi Moori, yule yule aliyetoa mpira kwa ajili ya watoto. Walikuwa kwenye uwanja wa mtu mwingine na bado walikuwa na mzee wao, lugha yao na mpango wao.

Siku 130 zilipotimia, maombi yalitumika kwa wafu waliowapigania na wafu wa wenyeji wao. Walingoja siku 130 nyingine. Hata mara hiyo wawili wengine wa upande wa wenyeji walifufuliwa, na ndipo watu wa Namek wakajiombea jambo lao: wapelekwe kwenye sayari nyingine inayofanana na ile iliyokufa. Wakapewa. Watu wanaiita Namek Mpya.

Namek Mpya haionekani sana katika hadithi. Wapiganaji hawapendi kukaa mahali ambapo watu wanajenga nyumba na kupanda miti. Tunaiona mara chache tu. Sangoku anaenda kumchukua Dende ili aje kuwa mlinzi wa dunia yetu. Na baadaye, wakati dunia yenyewe ilipoharibiwa na adui mwingine, msaada ulitoka huko. Watu wa Namek Mpya, Moori akiwa mzee wao, waliita joka lao, na dunia iliyokuwa imewapokea ikarudishwa pamoja na watu wake. Aliyekuwa mgeni uani kwa Bulma ndiye aliyemwokoa Bulma. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hii tunaisema kila siku, na vijana wetu wanaiangalia kwenye simu bila kujua kwamba ni yetu.

Mahali hadithi inapotuacha

Sasa niseme kwa nini hadithi hii, pamoja na uzuri wake, haitoshi kwetu. Yule mtoto wa chemchemi akikua akifikiri kwamba iko Namek Mpya mahali fulani inayomsubiri, atavunjika moyo.

Jambo la kwanza. Namek Mpya ilikuwa tupu. Waliomba sayari na wakapewa sayari ambayo hakuna mtu aliyezaliwa hapo, hakuna aliyezikwa hapo, hakuna anayesema babu yangu ndiye aliyekata msitu huu. Ndugu zangu, katika Masisi na Walikale hakuna kilima cha namna hiyo. Kila kilima kina jina, na kila jina lina mwenyewe, wakati mwingine wenyewe wawili au watatu. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya serikali. Kijijini mashamba yaliendelea kugawanywa kwa desturi, kwa Mwami na wakubwa walio chini yake. Mmoja akaja na karatasi ya Goma, mwingine na neno la babu, na shamba ni lile lile. Kwa hiyo sisi hatuwezi kuomba sayari tupu. Makao yetu mapya, hata yakiwa ya msimu mmoja, tunayajenga juu ya udongo ambao mtu mwingine anauita wake.

Jambo la pili ni zito, naomba tulisikie taratibu. Katika nyumba ile ya Bulma alipokelewa pia mtu aitwaye Vegeta. Kule Namek, Vegeta alikuwa ameangamiza kijiji kizima akitafuta mpira. Watu wa Namek na Vegeta walikaa katika nyumba moja. Hadithi inapita hapo haraka sana. Hatuoni mtu akimwuliza: kwa nini ulitufanyia vile? Hatumwoni akiomba radhi mbele yao. Mwandishi alikuwa na vita vingine vya kuchora.

Sisi hatuwezi kupita haraka, maana tumeketi Ntoto. Tarehe 20 Machi 1993, siku ya soko, watu waliuawa hapa wakinunua na kuuza. Wengine walizama katika Lowa wakitafuta kuvuka. Kesho yake, Jumapili, wengine waliuawa Buoye wakitoka kanisani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 imeandika hayo, na wazee walio hapa hawahitaji ripoti. Kutoka soko hili moto ulienea Masisi, ukashika pande za Walikale na Rutshuru. Wale walioonewa hapa walikuwa na ndugu waliolipiza kule, na wale waliolipiziwa kule walikuwa hawajafika hata siku moja kwenye soko hili. Maelfu walikufa, na waliohama walikuwa wengi zaidi.

Sitataja kabila leo. Kila mmoja anajua, na ninaona katika mkutano huu watu wa pande zote. Ninasema jambo moja tu: chini ya mti huu ameketi aliyefukuzwa mwaka 1993, ameketi aliyefukuzwa miaka ya nyuma hii, na wengine ni mtu mmoja aliyefukuzwa mara zote mbili. Nani hapa hajawahi kulala chini ya bashi? Mwenyeji wa leo ni mhamaji wa jana. Tukisema "watu wa hapa" na "wakimbizi" kama makundi mawili yasiyobadilika, tunadanganyana.

Upatanisho hauji kwa kukaa uani pamoja tu. Kukaa pamoja ni mwanzo. Baada ya hapo kuna kusema kilichotokea, kila upande ukisikia wa mwingine mpaka mwisho bila kumkata maneno, na hili linahitaji wakati na mahali salama. Tumeona mapatano ya mbio. Mwaka 2008, tarehe 23 Januari, vikundi vyenye silaha vilitia sahihi mjini Goma, na kabla ya mwaka kwisha vita vilikuwa vimerudi. Sahihi za wakubwa ni nzuri. Lakini pale chemchemi, mtoto alimtukana mwenzake kwa neno alilosikia nyumbani, na sahihi ya Goma haiwezi kuliondoa neno lile.

Jambo la tatu ni kurudi. Watu wa Namek hawakuwa na kwao kwa kurudi, palikuwa pamelipuka. Kwenu kupo. Kilima kipo, hata kama nyumba imechomwa. Ndiyo sababu moyo unagawanyika. Katika Februari 2025 kambi kubwa za kando ya Goma zilivunjwa, Bulengo, Lushagala na nyingine, na familia zikapewa siku chache tu za kuondoka. Wengi walirudi vijijini wakakuta mashamba yamelimwa na wengine. Mtu aliyelazimishwa kurudi hajarudi, amehamishwa tena.

Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya waliohama ndani ya nchi zao zinasema kurudi kuwe kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima. Mkataba wa Kampala, uliopitishwa na Umoja wa Afrika tarehe 23 Oktoba 2009, unataja njia tatu: kurudi kwenu, kubaki mahali ulipopokelewa, au kwenda kuanza mahali pengine. Serikali na mashirika wana kazi ya kusaidia, lakini wa kuchagua njia ni ninyi, mkiwa mmepewa habari za kweli. Moori hakuambiwa na Bulma siku ya kuondoka.

Tufanye nini Ntoto

Sasa nije kwenye shamba, maana najua wengi mmekuja kwa ajili ya shamba.

Kuna ugomvi mmoja ambao ulifika kwa mkubwa wa lokalite, na wenyewe wameniruhusu niueleze bila majina. Mwenye shamba alimkopesha jirani aliyehama kipande cha udongo, kwa mdomo, mbele ya mke wake tu. Alifikiri ni kwa msimu mmoja. Aliyekopeshwa alipanda maharagwe, na pembeni akapanda muhogo. Maharagwe yalivunwa baada ya miezi mitatu, wakagawana vizuri. Muhogo ulibaki, kwa maana muhogo unataka mwaka mzima au zaidi. Msimu ulipokwisha, mwenye shamba alitaka udongo wake. Mwingine akasema: muhogo wangu bado. Ukang'olewa usiku. Asubuhi watu walikuwa na mapanga, na kufika saa sita mchana lilikuwa jambo la kabila na kabila. Mwanzo wake ulikuwa muhogo.

Hakuna mtu mbaya katika ugomvi ule. Wawili wale walikubaliana mambo mawili tofauti siku moja, kila mmoja akaenda nyumbani na lake.

Kwa hiyo wazee na kamati ya amani walishauri haya, nami nayarudia ili yaandikwe katika jarida na wengine wayasome. Anayekopesha shamba na anayekopeshwa waende pamoja mpaka kwenye mipaka na waizunguke kwa miguu, wakiwa na mashahidi wawili wa upande wa wenyeji na wawili wa upande wa waliohama. Mmoja wa mashahidi awe mama, maana mama ndiye anayelima na anayejua mstari wa kweli uko wapi. Waseme ni misimu mingapi. Waseme ni mazao gani: maharagwe na mahindi peke yake, ama na muhogo. Waseme malipo ni nini, kama ni sehemu ya mavuno ama siku za kazi, na ni ngapi. Waseme ni nani atavuna kama usalama ukiharibika na mmoja akalazimika kukimbia kabla ya mavuno. Halafu iandikwe kwa Kiswahili chepesi, isomwe kwa sauti, kila mmoja aweke sahihi au kidole, na nakala moja ibaki kwa mkubwa wa lokalite. Asiyejua kusoma asione haya kusomewa mara mbili.

Na miti? Niliwaambia nitarudi kwenye miti. Kwa desturi yetu, aliyekopeshwa shamba hapandi mti, hapandi mgomba wala kahawa, kwa maana anayepanda kitu cha miaka mingi anadai udongo. Desturi hiyo ina sababu yake na sikuja kuivunja. Lakini fikirini mtu anayeishi miaka mitano, sita, mahali ambapo haruhusiwi kupanda kitu kinachomzidi umri wa msimu. Anakaa kama mtu aliyesimama mlangoni. Watoto wake wanajifunza kwamba nchi hii haiwahusu, na asiyehusika na nchi hatailinda.

Mzee mmoja katika mazungumzo yetu alitoa wazo ambalo mimi sikuwa nalo, pamoja na masomo yangu. Alisema kuna udongo usio wa mtu mmoja: uwanja wa shule, kando ya chemchemi, njia ya kwenda sokoni, uwanja wa kanisa. Hapo mti hauwi madai ya mtu. Akasema watoto wa pande zote wapande hapo wawili wawili, mmoja wa wenyeji na mmoja wa waliohama, na wote wawili wawe na kazi ya kuumwagilia maji. Ukikauka, waulizwe wote wawili.

Baadhi yenu mmeniambia kwamba ingefaa kupanda na karibu na soko, kwa ajili ya wale wa 1993. Hilo si langu kuamua, wala si la shirika. Familia zilizopoteza watu ziulizwe kwanza, za pande zote, na kwa faragha. Zikikubali, tutasaidia kubeba miche. Zikisema bado, tutangoja. Watu wa Namek walingoja siku 130 mara mbili. Sisi tumengoja zaidi, na tunaweza kungoja kidogo tena kuliko kupanda mti wenye uchungu.

Viongozi wetu, neno la mwisho ni kwenu. Moori aliheshimiwa kwa sababu watu wake walimwona akitoa kilichokuwa kikubwa kwake ili watoto wapone. Akija kijana kwenu usiku kusema "kabila letu limechezewa, tutoe silaha", kwanza ulizeni: ni shamba gani, ni muhogo wa nani, mashahidi wako wapi? Mara nyingi vita vyetu vinaanza na jambo ambalo wazee wanne wangelimaliza kabla ya jua kutua. Kwetu sisi jua moja tu, na linatua. Tumalize kabla ya giza.

Juzi nilipita tena kwenye chemchemi. Yule mtoto aliniuliza kama nimewaambia wakubwa habari za Namek. Nikamwambia nitawaambia. Akaniuliza swali lingine: "Na sisi tutapewa yetu lini?"

Sikumdanganya. Nilimwambia hakuna anayekuja kutupa. Nilimwambia yetu itakuwa hapa, ama kwao nyuma ya milima, itategemea wazazi wake watakachochagua; na popote itakapokuwa, kutakuwa na mtu aliyetangulia, na itabidi wapatane naye. Alifikiri kidogo, akainua bidoni yake. Mbele yake kwenye mstari alikuwa yule aliyemtukana. Akamwambia: "Sogea, tuteke."



Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Katika kijiji chenu, ni neno gani watoto wanatumia kwa waliohama? Walilisikia wapi?

2. Mashamba mangapi mnayojua yamekopeshwa kwa mdomo tu? Mnaweza kuanza na lipi ili kuandika mapatano?

3. Ni udongo gani kwenu usio wa mtu mmoja, ambapo watoto wa pande zote wanaweza kupanda mti bila kumtia mtu wasiwasi?

4. Anayetaka kurudi kwao anapata wapi habari za kweli kuhusu usalama na shamba lake? Nani aende kuangalia kwanza, na nani amsindikize?